Kaburi Lisilofyekwa

Mfugaji aliegemea uzio wa makaburi, akimwangalia shemeji yake, mtunza makaburi, akifyeka. Nyuma yake malisho yalikuwa ya rangi moja. Tangu mvua zilipoharibika, mafuriko siku mbili kisha jua la kukausha mifupa, nyasi laini zilikufa, kunde pori zikafuata. Ikabaki nyasi ya aina moja tu, ngumu kama waya. Ng'ombe waliijaza tumboni na mbavu zikabaki nje.

Ndani ya uzio mifugo haikuingia, na huko majani ya zamani yalikuwepo bado. Kunde pori zilitambaa hadi juu ya kaburi la mke wake.

"Shemeji, pumzisha hilo fyekeo."

"Nikipumzika nitakula nini? Nyasi?"

"Nataka mbegu. Acha zikomae, nikapande kule."

"Kwenye jua lile? Unaota."

"Acha niote. Nimechoka kuzika ndama."

Shemeji alijifuta jasho. "Nikiacha vichaka hapa, wenye makaburi watanila nyama. Labda nikuachie moja. La dada yangu."

"Watasema nimemtupa."

"Watasema. Na usiwaambie kitu, la sivyo kesho kila mtu ataniletea ng'ombe wake humu."

Na kweli watu wakasema. Makaburi mengine yalikuwa safi kama meza, lile moja likazama majanini. Kisimani watu walikatiza mazungumzo mfugaji akifika. Alichota maji yake akaondoka.

Siku moja alimkuta mama mkwe amepiga magoti kaburini, anang'oa.

"Ulimpenda alipokuwa anakupikia tu," alisema mama bila kugeuka.

"Mama, yaache."

"Niyaache? Mwanangu amelala porini."

Mfugaji alichuchumaa. Hakuwa na nguvu ya kuendelea kuficha. "Haya yameisha kule nje, mama. Nangojea mbegu. Yakikomaa nitafyeka mwenyewe, halafu unitukane vizuri."

Mama alitazama malisho, kisha ng'ombe, mgongo mmoja baada ya mwingine.

"Na yataota?"

"Sijui."

Mama alijipangusa udongo mikononi. Kisha akaokota ganda la kunde kwenye majani aliyong'oa. "Hili je?"

"Bichi. Halifai."

Hata hivyo mama alilifunga kwenye pindo la nguo. Akamshika bega, akajiinua.

"Wakiniuliza," alisema, "nitawaambia mkwe wangu ni mvivu."

"Waambie, mama."