Rambirambi za Kijiji Jirani

Kaka yangu Sadala ana mdomo ambao Mungu alisahau kuuwekea mlango. Nasema hivyo nikiwa dada yake wa tumbo moja, na sitaki mtu aje kunipatanisha naye. Hapa Kwembago watu walimpenda kwa mdomo huohuo. Msiba wa Mshambaa yeyote bila Sadala haukunoga, kwa sababu yeye ndiye aliyekuwa mtani wao mkubwa, na kazi ya mtani ni kuwachekesha wafiwa hata kama wao wanataka kulia.

Asiyejua utani wetu nimweleze. Sisi Wazigua tuko huku chini, tunalima mahindi na muhogo, mvua ikipenda. Washambaa walishuka zamani kutoka Lutindi, kule Korogwe, wakapewa ardhi upande wa juu wa kijiji, wakauita Lutindi Ndogo. Sisi tuliwaambia kuwa wana mguu mmoja mfupi kwa kutembea ubavuni mwa mlima. Wao walituambia kuwa babu zetu waliuza watoto kwa kibaba cha mahindi mwaka wa njaa. Hakuna aliyenuna. Mtu akifa, mtani huvaa nguo za marehemu na kuigiza mwendo wake, kisha hulala mlangoni au kaburini na kukataa kutoka mpaka apewe chochote, hata kipande cha muhogo. Wakati huo haguswi, maana kumshika mtani aliye kazini ni kumtia marehemu nuksi. Ndiyo heshima yenyewe. Maiti asiyetaniwa amefukiwa, hajazikwa.

Mama yetu, Bibi Maryamu, na Dorkasi wa Lutindi Ndogo walikuwa watani tangu usichana wao. Dorkasi akipita uani kwetu humwuliza mama kama leo amekula, au itabidi amuuze Tatu, yaani mimi. Mama humjibu asimame wima kwanza, aache kuinama kama mgomba. Waliahidiana kwamba atakayetangulia, mwenzake atamtukana mpaka malaika wazibe masikio. Miguu ya mama ilipoanza kukataa, wakarithisha ahadi kwa watoto: Sadala atamtania Dorkasi, na Erasto, mtoto wa Dorkasi, atamtania mama.

Kisha ukaja huu ugonjwa wa kugawana kijiji. Watu wa Lutindi Ndogo walisema wamechoka kuwa mkia, kila kiongozi anatoka chini, kila cha maendeleo kinaishia chini. Wakataka kijiji chao. Kwa kuwa kisima cha maji kiko upande wao, wazee wetu walipagawa. Sadala akawa anasimama kwenye kila mkutano na kuwaita wakuja. Wakinyamaza anawaambia warudi kwao milimani, wakisema wanaondoka anawaita wasaliti. Hakutaka wakae na hakutaka waende. Mtu wa namna hiyo hata shetani hamwelewi.

Mshambaa mmoja tu ndiye aliyesimama kupinga mgawanyo, naye ni Erasto. Alisema baba yake, mzee Semboja, amezikwa huku chini, na hawezi kuomba ruhusa ya kijiji kingine ili akapalilie kaburi la baba yake. Wenzake wakamwita kibaraka wa Wazigua. Mkewe Yasinta akawa anateka maji peke yake, hakuna wa kumtwisha ndoo. Erasto akavumilia. Alikuwa anatuamini sisi, maskini.

Katikati ya hayo Dorkasi akafa.

Kaburi lilichimbwa kando ya mumewe. Sadala alikuja amevaa gauni la marehemu la kanisani na kofia yake, akatembea kwa kuchechemea huku na huku mpaka mchungaji mwenyewe akajifuta machozi ya kicheko. Kisha akaruka kaburini, akalala chali. Erasto akaleta kuku, kama ilivyo desturi. Sadala akamkataa. Akaletwa mbuzi, naye akamkataa.

"Hapa ni pa wazawa," alisema kutoka shimoni. "Mpelekeni kwao Lutindi."

Watu wakacheka. Erasto alicheka kuliko wote, mimi nilimwona. Alicheka mpaka alipochungulia na kuona kwamba kaka yangu amefumba macho, na mdomo wake hauna tabasamu hata chembe. Vijana wa chini walikuwa wamesimama kulizunguka shimo na majembe yao, nao hawakucheka tena. Erasto akapiga magoti kwenye udongo, akamwita mtani, mtani, inatosha. Mchungaji akaomba. Mimi nikamtukana Sadala matusi yasiyo ya utani, nayo sijayajutia. Hakuna aliyeweza kumtoa, kwa sababu mtani haguswi, na yeye alilijua hilo vizuri alipokuwa analala.

Jua lilikuwa kali na maiti hana subira. Mwishowe walikodi pikapu ya Mkata. Wakampitisha Dorkasi Kabuku, wakampitisha Segera, wakampandisha mlimani kwa mvua na utelezi, akazikwa Lutindi na watu waliokuwa wanaulizana jina lake. Pikapu ilipoondoka, Sadala alitoka shimoni, akavua gauni, akalitupa humo humo.

Mama alipoambiwa hakulia. Aliuliza swali moja, kwamba ni nani aliyemtuma. Sadala akajibu kuwa ni utani tu. Mama akageukia ukuta, na tangu siku hiyo akawa hali chakula ambacho mkono wa Sadala umekigusa.

Erasto alikwenda kushitaki kwa mtendaji wa kijiji. Alisema aliyofanyiwa si utani, ni ubaguzi, mama yake amekataliwa kaburi kwa asili yake. Huyu mtendaji, Mhina, anajiona ana akili kwa sababu anavaa miwani. Alimsikiliza Sadala, akacheka, akatoa hukumu yake mbele ya watu.

"Watani wa kijiji kimoja hawabaguani," alisema. "Huo ni undugu. Mngekuwa vijiji viwili, hapo ukimtukana mwenzio kwa asili yake, ningeuita ubaguzi."

Wakapiga makofi wajinga wetu. Erasto akasema ahsante, akavaa kofia yake na kupanda kwao. Mkutano uliofuata ni yeye aliyeutetea mgawanyo, na hakuna mtu wa juu aliyebaki upande mwingine. Maombi yakapelekwa, yakapita, na Lutindi Ndogo ikawa kijiji chenye mwenyekiti wake. Mwenyekiti ni Erasto. Maji tunayapata bado, ila sasa tunasubiri wenye kisima wamalize kuteka.

Mama alikufa kabla ya mvua za vuli. Neno lake la mwisho lenye maana lilikuwa kuniuliza kama mtoto wa Dorkasi ameambiwa. Sadala, na mdomo wake wote, alipanda Lutindi Ndogo kwa miguu kumwita.

Erasto akaja. Amevaa koti, amefuatana na wajumbe wake. Aliwaamkia wazee shikamoo, mmoja mmoja, akakaa kwenye viti vya wageni. Alipopewa nafasi alisimama akasema kwamba kwa niaba ya kijiji jirani anatoa pole nyingi kwa familia na kwa kijiji chote cha Kwembago. Kisha akakaa. Kila mtu pale uani alijua mama alikuwa ameahidiwa nini.

Nilichukua khanga ya mama na bakora yake, nikamwekea Erasto mapajani. Nikamwomba avae. Nikamwambia amwite mama mlafi, mchawi, muuza watoto, chochote, asiondoke hivi. Sadala naye akaja, akapiga magoti, jambo ambalo sikutegemea kuliona.

"Nitukane mimi basi, mtani," alisema. "Umwache mama aende na kicheko."

"Pole sana, mzee Sadala," Erasto akajibu. Alimwita mzee, na wao ni rika moja, walitahiriwa mwaka mmoja. Akaikunja khanga taratibu, akanirudishia.

"Dada Tatu, mtendaji wenu alitufundisha," alisema. "Tukiwa kijiji kimoja ni utani. Tukiwa viwili ni ubaguzi. Bibi Maryamu ni mtu wa kijiji kingine. Siwezi kumbagua."

Macho yake yalikuwa mekundu. Sikumhurumia, na nilijua ana haki, na nilimchukia zaidi kwa sababu hiyo.

Wanaume wakaingia ndani, wakainua jeneza. Kwa mazoea walisimama kidogo kizingitini, kumsubiri mtu wa kulala mlangoni. Erasto alisogeza kiti chake pembeni kwa adabu ili wapite. Mama akatoka nyumbani kwake moja kwa moja, hakuna aliyemzuia.