Tayari ya Fundi Hamduni

Mafundi wote wa redio waliopata kukaa soko la Nyasho, Musoma, wana neno moja wanalolipenda kuliko majina ya wake zao: tayari. Ukileta redio Jumatatu, ukirudi Jumatano utaambiwa tayari, imebaki kitu kidogo tu, pita kesho. Kesho ukipita utaikuta imelala kifudifudi, matumbo nje, na fundi ameenda kuswali. Hakuna anayekasirika sana. Mteja anajua kwamba fundi anadanganya, fundi anajua kwamba mteja anajua, na maisha yanaendelea.

Hamduni alikuwa bingwa wa tayari. Tusimwonee: mkono wake ulikuwa mzuri, na redio ikishatoka mezani kwake haikumrudia. Ila kukiri kushindwa, hicho kitu Mungu hakumjalia. Wambura, mfugaji wa Butiama aliyeacha kwake redio ya baba yake tangu mvua za kwanza, alikuwa akipita kila ajapo mjini.

"Fundi, wewe unasemaga tayari mpaka nimeanza kuliogopa hilo neno," alimwambia siku moja.

"Safari hii tayari kweli. Imebaki spika tu."

"Spika si ndiyo redio yenyewe?"

Wakacheka wote wawili, na Wambura akarudi kwao mikono mitupu.

Jioni ndiyo ilikuwa ngumu. Akishafunga duka, Hamduni alirudi Mwigobero kwenye vyumba vyake viwili, akakaanga sato mmoja, akala upande mmoja, upande wa pili akamwachia paka asiyekuwa wake. Mkewe alikuwa amefariki. Binti yake wa pekee, Yasmin, alikuwa Maskati akifanya kazi ya usafi katika zahanati. Nyumba ilijaa redio za watu, zote zinaongea, na hapakuwa na mtu hata mmoja wa kumuuliza umeshindaje. Alikuwa mpweke, basi, na neno hilo halina pambo.

Mwaka huo ulikuwa elfu mbili na nne. Simu za mkononi zilikuwa zimeshaingia mjini, lakini Hamduni hakununua. Alisema anayemtaka atamkuta mezani. Yasmin alikuwa akimpigia kwa jirani, Mwanahalima, mjane muuza vitenge. Mwanahalima alikuwa na simu ya waya, ile ya zamani ya kuzungusha namba kwa kidole, na alikuwa ameitia kufuli dogo ili wapwa zake wasizungumze na Dar es Salaam kwa jasho lake. Yasmin alipiga kwa kadi kutoka kibanda cha simu, mahali asipoweza kupigiwa, haraka haraka, na kila mara kadi iliisha kabla ya salamu kuisha.

Ndipo akatuma kifaa. Daktari mmoja wa zahanati aliyekuwa akirudi kwao alimwachia kompyuta ya kiganjani, ndogo ya kuenea shatini mfukoni, yenye kalamu ya plastiki ya kugusia kioo. Ilikuja na modemu yake, kidude cha kuchomeka chini ya kifaa na kutoa waya wa kwenda kwenye simu. Yasmin alishamfungulia baba yake akaunti kwa kampuni moja ya mtandao ya Mwanza, akamwandikia kwenye kikaratasi namba ya kupiga, jina la kuingilia na neno la siri. Chini yake aliongeza: "Simu inakula mshahara wangu, baba. Ukishaunganisha hiki tutaandikiana kila siku, itakuwa kama tunakaa nyumba moja."

Kila siku! Hamduni alivaa kanzu safi, akaenda kwa Mwanahalima na kifaa chake kama mtu anayekwenda kuposa.

"Karibu, kaka Hamduni. Hiyo nayo redio?"

"Hii si redio, dada. Hii ni posta."

Alichomeka waya ukutani, akaandika namba kwa kalamu, tarakimu moja moja, akagusa pale palipotakiwa kuguswa. Kifaa kikatoa milio ya harakaharaka, kikatulia, kisha kikaandika kwamba hakuna anayejibu. Akarudia. Safari hii Mwanahalima, aliyesikia simu yake inaguna, alinyanyua mkono wa simu.

"Haloo? Haloo, nani mwenzangu?"

"Dada, huyo si mtu."

"Sasa simu iite mtu asiitike? Sisi tumelelewa wapi?"

Walijaribu mpaka magharibi. Hakuna anayejibu.

Siku chache baadaye Yasmin akapiga. Ilikuwa mchana, sebuleni kwa Mwanahalima kuna wateja wawili wanachagua vitenge, na wote waliacha kuchagua ili wasikie fundi anavyozungumza na Uarabuni.

"Baba, kile kifaa umeshakiunganisha?"

Jibu la kweli lilikuwepo, fupi kabisa. Lakini Hamduni aliwaona wale wateja, akamwona Mwanahalima, na mdomo wake ukafanya ulichokizoea.

"Tayari."

"Kinafanya kazi?"

"Tayari kabisa. Imebaki kitu kidogo tu."

"Alhamdulillahi! Basi sipigi tena simu, baba. Leo leo nakuandikia."

Hamduni alirudisha mkono wa simu mahali pake, asione ubaya wowote. Alijiambia kwamba Yasmin akiandika kabla ya kifaa kuungana, haitapita. Itakuwa kama kumpigia mtu asiyekuwepo: simu inaita, inaita, mwisho unajua hayupo, unajaribu njia nyingine. Ndivyo simu ifanyavyo, na kwa Hamduni kila chenye waya kilikuwa na tabia za simu.

Wiki zikapita. Alifanya alichokijua, yaani alikifungua. Akatazama kila kiungo kwa kioo cha kukuzia, hakuona kilichokatika. Akakifunga, akakirudisha kwa Mwanahalima, kikapiga milio yake na kuandika yale yale. Mjini kulikuwa na duka la mtandao, vijana wanaingia na kutoka, na yeye alipita mbele yake kila siku akiangalia kwa pembe ya jicho. Aingie aseme nini? Vijana wale ndio aliowatengenezea redio za mama zao. Kuuliza si ujinga, husema watu, lakini wanaosema hivyo huwa si wao wanaouliza.

Na simu ya Mwanahalima haikulia tena. Hapo nyuma Hamduni alikuwa akinung'unika kwamba kadi za Yasmin ni fupi. Sasa angeshukuru hata ile "shikamoo" peke yake. Usiku alizima redio zote asikie kama Mwanahalima anamwita dirishani. Hakuitwa. Alijiambia mtoto ana kazi nyingi, na alijiambia hivyo mara nyingi kuliko mtu anayeamini.

Siku chache kabla ya mfungo alipanda basi kwenda Bunda. Alichagua Bunda kwa sababu moja tu, kwamba huko hawamjui. Karibu na stendi alimkuta kijana anaitwa Revocatus, mwenye kompyuta mbili na feni moja, akamwekea kile kifaa mezani.

"Kuna mteja wangu ana kitu hiki," alisema Hamduni. "Kinapiga namba, kule hawapokei."

Revocatus alikigeuzageuza. "Huyo mteja wako simu yake ni ya vitufe au ya kuzungusha?"

"Ya kuzungusha."

"Basi ndiyo hiyo tu. Hiki kinaita namba kwa milio, kama simu za vitufe. Laini za zamani hazielewagi milio, zinahesabu mipigo. Tak, tak, tak. Unaingia hapa kwenye mipangilio, unatoa milio, unaweka mipigo." Aligusa kioo kwa kalamu. "Tayari."

"Ni hivyo tu?"

"Ni hivyo tu, mzee. Ila mwambie mteja wako afanye haraka, barua zake zitakuwa zimejaa."

"Barua gani? Si hajaunganisha?"

"Barua pepe haisubiri mtu aunganishe. Inaenda kukaa Mwanza kwenye kompyuta ya kampuni, inamngoja."

"Na aliyeiandika? Haambiwi kwamba haijasomwa?"

"Aambiwe na nani? Yeye anaona imefika. Usipojibu anajua umenyamaza."

Hamduni aliomba maji ya kunywa. Alipewa, akanywa, akasahau kumlipa kijana mpaka alipoitwa tena mlangoni.

Alifika Musoma jua bado lipo, akaenda moja kwa moja kwa Mwanahalima bila kupita nyumbani. Alichomeka waya. Kifaa kikaanza kugonga namba, taratibu, tak, tak, tak, kama kidole cha mtu mzima kinavyozungusha. Kule upande wa pili kitu kikaitika, kikakoroma, kikapiga mluzi. Mwanahalima alinyoosha mkono kuelekea simu.

"Dada, nakuomba. Usiguse."

Hakuwahi kumsikia Hamduni akiomba kitu. Akaurudisha mkono.

Barua zikaanza kushuka, ya zamani kwanza.

"Baba! Hii ni ya kwanza. Nijibu hata neno moja." Ya pili iliuliza anakula nini na kama bado analisha paka wa watu. Iliyofuata ilikuwa ndefu. Kuna kijana anaitwa Amini, mtu wa Ujiji, dereva wa zahanati. "Anaswali, ana heshima, na ananichekesha, baba, nilikuwa nimesahau kucheka. Mkataba wake unaisha mwezi wa Rajabu. Ana baba mdogo Mwanza atakayekuja kwako na posa ukisema ndiyo. Naomba idhini yako." Halafu fupi: "Baba, umeipata? Amini ananiuliza kila siku." Halafu fupi zaidi: "Kama kuna jambo baya umesikia, niambie tu."

Rajabu ilikuwa imeshapita. Hamduni alijua hivyo kabla hajafungua ya mwisho, akaifungua.

"Nimeelewa, baba. Ungekuwa umekubali usingenyamaza. Nimemwambia Amini kwamba baba yangu hataki, na mimi siolewi bila ridhaa yako, wewe walii wangu. Ameondoka Alhamisi. Na mimi naacha zahanati, nimepata kazi katika nyumba ya watu Salala, huko hakuna kompyuta. Sina hasira na wewe. Nisamehe kama nimekukera."

Kwetu mwali akiulizwa akanyamaza, amekubali, na wanawake wanapiga vigelegele. Lakini baba akinyamaza hakuna sheikh anayefungisha ndoa. Yasmin alilelewa vizuri, na malezi yale yale mazuri ndiyo yaliyomfukuza Amini. Hamduni hakuwa na neno na Ujiji. Hakuwa na neno na dereva. Mtu aliyemchekesha binti yake angempa mkono wa ndiyo huku bado anasoma.

Alimsimulia Mwanahalima yote, na hakupunguza kitu. Mwanahalima alimsikiliza mpaka mwisho.

"Mficha uchi hazai, kaka Hamduni," alisema, na hakulisema kwa kejeli. "Andika. Mimi naenda kupika, utakula hapa."

Aliandika kwa ile kalamu, herufi moja baada ya nyingine, kwamba amemkubali Amini, Yasmin amrudie, na baba yake atakwenda mwenyewe Ujiji kama ikibidi. Akatuma. Mfungo mzima, baada ya alasiri, alikuja kwa Mwanahalima akachomeka waya. Kifaa kiligonga, kikaitikiwa, kikaungana bila taabu yoyote. Hakikuleta kitu. Naye sasa alijua kwamba barua zake zimefika salama mahali, zimekaa, na hakuna anayezifungua.

Siku ya Idd simu ililia. Mwanahalima alipokea, akasikiliza, akampa Hamduni aliyekuwa akingoja pilau.

"Shikamoo, baba. Idd mubarak."

Hamduni hakuitikia marahaba.

"Mwanangu, haikuwa tayari."

"Nini, baba?"

"Kile kifaa. Nilikudanganya. Sikusoma barua hata moja mpaka siku za mwisho za Shaabani. Amini nimemkubali. Unanisikia? Mimi walii wako nimesema ndiyo."

Kule alisikia magari, na mtu akigonga kioo cha kibanda, na mwanawe akivuta pumzi.

"Amini ameoa, baba. Walimwoza kwao kabla ya mfungo."

Hamduni aliubana mkono wa simu sikioni.

"Ungesema tu," Yasmin alisema, na sauti yake haikuwa na ukali, ilikuwa imechoka. "Ungesema imekushinda, baba. Ningekupigia. Ningekupigia hata kwa kulala njaa."

"Imenishinda," alisema Hamduni. "Imenishinda, mwanangu."

Lakini kadi ilikuwa imeshaisha kule, na simu ilikuwa ikivuma tu. Akarudia kusema, kwa sauti kubwa zaidi, mpaka Mwanahalima akaacha kupakua pilau.