Orodha ya Watu Kumi na Wanne

Mjomba wake alikuwa mwoka mikate wa kiwandani, mbishi wa kutupwa, na ndiye aliyemlea. Kwa hiyo mfumo wa ofisi wa kufuatilia simu ulipoonyesha kwamba simu ya mzee ilikaa saa mbili karibu na simu ya mgonjwa wa homa ya mapafu, wakubwa walimtuma yeye, bibi afya wa mtaa.

"Mlikuwa wangapi pale, mjomba?"

"Unaniuliza kama mwanangu au kama serikali?"

"Kama mwanao. Mgonjwa yuko kwenye oksijeni, hawezi kusema. Wenzako wakikaa na ugonjwa majumbani, wataambukiza watoto. Na hii ni siri ya hospitali, haiendi kokote. Mimi ndiye nakwambia."

Mzee akajikuna kidevu. Ulikuwa mkutano wa wafanyakazi wa kiwandani, walikuwa wakipanga kugoma. Wenzake walizima simu, yeye na yule mgonjwa walijisahau. Mwishowe akawataja, polepole, mmoja mmoja, watu kumi na wanne, na bibi afya akawaingiza kwenye kishikwambi.

Walipimwa wote, mzee naye. Hakuna aliyekutwa na ugonjwa. Bibi afya akashusha pumzi.

Siku ya tano polisi wakawazoa, mjomba akiwa wa kwanza. Jina moja bibi afya alikuwa amelikosea herufi, na polisi waligonga mlango wakiliulizia vilevile lilivyokosewa.

Alimvaa mkubwa wake ofisini, hata hodi hakupiga.

"Umewapa orodha yangu?"

"Walileta barua yenye mhuri. Ulitaka nifanyeje? Na mfumo ni wa serikali, dada, si wako."

Jioni alikwenda kwa mke wa mjomba, ambaye tangu utotoni alimwita mama. Mama hakumkumbatia. Alimwekea kiti nje, mbali na mlango.

"Karibu, afisa," akasema. "Useme shida yako."

Mjomba alirudi baada ya wiki tatu, mifupa mitupu, anakohoa, mwili unachemka. Safari hii kipimo hakikuwa na huruma. Bibi afya akapiga magoti kando ya kitanda.

"Mjomba, mahabusu ulilala na kina nani? Nani wametoka?"

Mzee akageukia ukutani. "Nilikuwa peke yangu."

"Chumba kile kinajaza watu arobaini!"

"Peke yangu."

Alibembeleza, akalia, akaapa kwamba safari hii angeandika kwenye karatasi na kuichoma. Mama akaingia, akamshika mkono, akamtoa nje taratibu kama mtu anayemtoa mgeni.

Mjomba alipona, ingawa ngazi za kiwandani hakuziweza tena. Wawili kati ya waliotoka mahabusu walizikwa kabla ya mwezi kuisha. Bibi afya alizisikia habari zao sokoni, akaenda kote kuwili. Kote kuwili alijibiwa kwenye upenyo wa mlango kwamba ilikuwa presha.