Gogo la Dundu

Wakubwa wa msitu wamekaa ofisini chini ya feni, wakaamua magogo yaliyooza yatolewe na majani yafagiliwe ili wageni wapate pa kupigia picha. Msitu ufagiliwe kama sebule. Mimi shule niliiona kwa mbali, lakini hilo hata kuku angelicheka.

Nyuma ya nyumba yangu, msitu unapoishia, kulikuwa na gogo alilokalia marehemu mke wangu akipumzika baada ya kupalilia. Chini yake waliishi dundu, wadudu weusi wanaong'aa kama viatu vya askari. Hawaruki, mbawa zao zimeshikana mgongoni. Mchana hujificha penye unyevu, giza likiingia hutoka mbio kuwinda konokono. Walinzi wangu, marehemu alikuwa akisema. Tuta la mboga kando ya gogo ndilo pekee la mkono wake lililobaki hai, nami silali vizuri kwa ajili yake.

Jana akaja shemeji na trekta. Ni kaka wa marehemu, nyapara wa vibarua.

"Shemeji, hili linaondoka."

"Dada yako alikuwa akilikalia."

"Najua. Nikiliacha, kesho nitalikalia mimi, maana kazi sitakuwa nayo."

"Na dundu?"

"Wahamishe. Nakupa muda wa sigara moja."

Nikaleta ndoo. Nikalibingirisha gogo, nikawazoa wakitimua mbio, wakinirushia vidoleni maji makali yanayonuka kama siki. Nikafunika gunia, nikapiga simu ofisini kuombea gogo. Mhusika yuko kikaoni, subiri. Nikasubiri. Sigara ikaisha, trekta likavuta, simu ikakatika; nikapiga tena na tena hadi jioni.

Kufunua gunia, nakuta miguu na magamba matupu. Mmoja tu mzima, bado anatafuna.

Shemeji, akirudi kutoka kazini, akachungulia. "Umewafungia wala nyama ndoo moja, ulitegemea wapige soga?"

Kisha akavua kofia. Na marehemu ni dada yake.

Nikammwaga yule mmoja kwenye tuta. Hakutazama mboga. Alikimbia moja kwa moja hadi palipokuwa na gogo, akazunguka kwenye udongo uliokwisha kukauka, akazunguka tena, akapotelea upande wa barabara.

Leo asubuhi majani yana matundu na utelezi unang'aa. Naokota konokono kwa mkono, mmoja mmoja, na mvua ndiyo kwanza zinaanza.