Jina la Hafidha Limerithiwa

Habari za kifo chake Hafidha alizipata akiwa juu ya bodaboda, Ruangwa wameshaiacha nyuma na Mbekenyera bado haijaonekana. Dereva, kijana aitwaye Huzaifa, alimuuliza anakwenda kwa nani. Akajibu kwamba anakwenda kwa Mzee Bashiri, mjomba wake.

"Pole, dada. Mwezi uliopita nilikula pilau pale. Arobaini ya yule Hafidha aliyeuawa Msumbiji."

Mguu wa kushoto wa Hafidha, aliouvunja akikimbia risasi kule Palma, Msumbiji, ukaanza kumpwita. Miezi mitatu alihangaika: porini, kisha kitandani hospitali ya Mueda, kisha daraja la Mtambaswala, Masasi, Nachingwea. Njia nzima alijipa moyo kwa jambo moja. Binti yake wa miaka minne, Samia, aliyemwacha kwa mjomba alipokwenda Palma kuwapikia mafundi wa ujenzi, alijua kuwa mama yake yu hai. Si yeye Hafidha mwenyewe alimpigia mjomba simu kutoka hospitali?

"Nani alisema kafa?" akauliza.

"Mwenzake alimwona akianguka. Na jina wamemrithisha mdogo wake. Fatu siku hizi ndiye Hafidha."

Hapo hasira ikampanda. Katika ukoo wao, siku ya arobaini jina la marehemu hupewa mdogo wake, na anayerithi jina hurithi na nafasi: kanga, jiko, na watoto, ambao humwita mama tangu siku hiyo. Hafidha hakuwa na neno na desturi hiyo, yeye mwenyewe alirithi jina la bibi yake. Lakini bibi alikuwa amekufa kweli.

Alipofika kwa mjomba, uani watu walikuwa wakikung'uta ufuta juu ya turubai. Fatu alikuwa amejifunga kanga ya zambarau ya Hafidha. Alipoinua macho, mganda wa ufuta ukamponyoka. Samia akajificha nyuma yake.

"Mama, nani huyu?"

Na mama aliyeulizwa hakuwa Hafidha.

Mzee Bashiri alitoka ndani, akamshukuru Mungu kwa sauti, akamshika mpwa wake mabega. Hafidha akaitoa mikono ile. Shikamoo hakutoa.

"Mjomba, nilikupigia simu."

Mzee akautazama ufuta. "Ilikuja simu, kweli. Namba ya kigeni, sauti inakwaruza, mtu analia anataka nauli. Matapeli wamejaa, mwanangu. Siku zile zile walikuwa wamemliza jirani yetu Harithi, wakijidai mwanawe."

"Kumbe ulikata. Na nilipopiga tena, ulikuwa umezuia namba."

"Nilikuwa nalinda familia."

Alikuwa analinda ujanja wake. Hadithi ya tapeli aliyeumbuliwa na Mzee Bashiri ilisimuliwa kila kibaraza, watu wakacheka mpaka wakashika mbavu. Wakati huo Hafidha alikuwa amekaa kwenye ngazi za hospitali na simu ya kuazima, akidhani mtandao ndio mbaya.

"Sasa yamekwisha," mzee aliendelea kwa upole. "Jina limeshasomewa dua, halirudi. Tutakutafutia jingine zuri. Mtoto naye ameshamzoea mwenzio. Tusiwape watu la kusema."

"Hukufiwa, Mjomba. Ulikata simu."

Fatu alikuwa analia. "Dada, mimi nilitaka tungoje. Hakunisikiliza mtu."

"Wewe sina ugomvi nawe," Hafidha alisema. Akachuchumaa kwa shida, mguu ukiuma, akamtazama yule mtoto aliyekuwa akichungulia. "Samia. Nilikuahidi viatu gani?"

Samia alitoka nyuma ya Fatu. "Vya kuwaka taa," akasema. "Ulisema tena kwenye simu."

Fatu akaacha kulia, akamgeukia mtoto.

"Simu gani, Samia?" Fatu akauliza.

"Ya babu. Aliweka sauti kubwa. Nikamwambia, babu, huyo mama. Babu akasema nyamaza, mtoto hajui kitu."

Mzee Bashiri aliinama, akaanza kuuokota ule mganda ulioanguka.

Hafidha alisimama. Njiani alikuwa amepanga matusi ya kutosha ukoo mzima, lakini sasa aliyaona madogo. "Ijumaa utasimama msikitini," alisema, "mbele ya wote waliokula pilau yangu. Uwaeleze mtoto huyu alisema nini, na wewe ulimjibu nini. Halafu utawaambia Hafidha ni nani."

"Tuingie ndani, mwanangu. Tuzungumze kifamilia."

"Ndani siingii."

Fatu akaifungua kanga ya zambarau, akabaki na gauni, akamfunika dada yake mabegani. Samia akasogea, akauliza viatu viko wapi. Nilivyonunua viliungua Palma, Hafidha akamwambia. Akaketi pale pale kwenye turubai, akampakata mwanawe, akageukia barabara. Kila aliyepita alimwona, akasimama, akauliza. Hafidha hakumjibu hata mmoja. Alinyoosha kidole tu, akimwonyesha Mzee Bashiri, ili ajibu yeye.