Kanga ya Bwana Hilari

Bwana Hilari aliikuza picha kwenye kompyuta yake mpaka uso wangu ukatoka nje ya kioo, ikabaki kanga peke yake. Akaigeuza kompyuta ili na mimi nione.

"Soma hapo, dada Sikuzani."

Nikasoma maandishi ya kanga. *Mkono mtupu haulambwi.*

"Basi," akasema, akaegemea kiti. "Ulilipwa. Hiyo ilikuwa biashara, na bima yako ni ya vifaa binafsi. Hatuwezi kukupa fidia."

Mwaka wa pili unakatika, na bado nikiikumbuka ile "basi" yake damu inanichemka. Hapa mtaani kwetu Ng'ambo, Tabora, watu wanapenda kusema Sikuzani ni mkali bila sababu. Haya, sababu hii hapa.

Mama yangu alifariki bila picha hata moja. Kila ukimwelekezea simu alikuwa anajifunika uso: subiri kwanza nivae vizuri. Siku ya kuvaa vizuri ikaja, akavaa sanda. Baada ya arobaini, kaka yangu Sabiri, dereva wa malori, aliniletea kamera kutoka Dar. "Kapige mama za watu," akaniambia, akageuka haraka nisimwone machozi. Mimi ni fundi cherehani, nashona sare za shule. Lakini tangu siku ile, nikishafunga kibanda nilikuwa nazunguka Ng'ambo na kamera shingoni, nawapiga kina mama wakipepeta mchele, wakisukana vizingitini, wakigombana na wajukuu. Picha naisafisha, nampelekea mwenyewe, bure. Siuzi. Nani atauza mama wa mtu?

Habari ya bima ilianza na Sabiri. "Lori langu lina bima, kamera yako haina, wewe unaona sawa?" Nikaanza kutafuta. Ofisi ya kwanza walinicheka: bima ya kamera? Mama, sisi tuna ya magari. Ofisi ya pili wakataka leseni ya studio. Nikawaambia sina studio, nina cherehani. Wakatazamana. Ofisi ya tatu ndiyo ya Bwana Hilari. Yeye alinipa kiti, akaniuliza, "Hufanyii biashara?" Nikamwambia wallahi sifanyii. "Basi hicho ni kifaa binafsi, tutakikatia bima." Nikatoka mle nimenyooka. Usiku ule niliacha kulala na kamera chini ya mto.

Ikaja harusi ya kule Puge, njia ya Nzega. Rafiki yangu Mhoja alikuwa anamwoza binti yake, nami nilialikwa kama wageni wengine. Kwenye sherehe ya wanawake nikawapiga kina mama wote, mpaka wapishi jikoni na moshi wao. Ukafika wakati wa kutunza. Aliyezaliwa huku hahitaji kuelezwa: anayepamba sherehe anatunzwa, kwa kanga au kwa noti. Akatunzwa bibi harusi, akatunzwa somo wake, wakatunzwa wapishi. Ghafla namwona Mhoja anakuja upande wangu akicheza, kanga mkononi, na wenzake nyuma yake. Akanitupia mabegani. Wakafuata wengine, kanga juu ya kanga, nikawa kama kamba ya kuanikia nguo. Vigelegele! Nililia, sioni haya kusema. Najiat, mpwa wangu, akanipiga kwa simu yake vivyo hivyo, kamera shingoni, machozi mashavuni, na juu kabisa kanga ya Mhoja.

Kutunzwa si kulipwa, jamani. Anayelipwa anapatana kwanza, na asipopewa anadai. Anayetunzwa haombi, wala hakatai. Ukiivua kanga mbele ya aliyekutunza, umemtukana yeye na mama yake.

Kesho yake tukirudi na Najiat, kwenye stendi ya pale Puge, watu wakigombea mlango wa basi, mtu akalichana begi langu kwa wembe. Niliingiza mkono, nikakuta vidole vyangu vimetokea upande wa pili. Kina mama wote wa Puge walikwenda na mwizi yule.

Tulipofika Tabora Bwana Hilari alinipa pole sana. Akataka ripoti ya polisi, na picha yoyote ya kuonyesha kuwa kamera nilikuwa nayo siku ile. Najiat alikuwa na picha chungu nzima. Kulikuwa na moja nimekaa mkekani nakula pilau, kamera pajani. Mimi nikaikataa, kwa sababu mdomo ulikuwa umejaa. Nikachagua niliyopendeza. Nilijipalia makaa kwa mkono wangu mwenyewe.

Basi ndiyo nikawa nimekaa mbele ya ile kompyuta.

"Bwana Hilari, hapo nimetunzwa."

"Ulipewa kitu chenye thamani baada ya kutoa huduma."

"Wewe si mtoto wa Ulyankulu? Harusini kwenu hawatunzi?"

Akaitazama meza. "Dada, mimi najua. Wenzetu wa makao makuu ndio hawatanielewa."

Hapo ndipo aliponimaliza. Anajua! Angekuwa hajui ningemfundisha, ningekaa pale mpaka jioni. Lakini mtu anajua kabisa, na bado anakutazama usoni anakuambia basi? Nilitoka bila kuaga.

Nilikwenda moja kwa moja nyumbani, nikafungua sanduku, nikaitoa kanga ya Mhoja. Nikarudi nayo mchana ule ule. Ofisi ilikuwa imejaa watu wa bodaboda, na kina mama wawili wanasubiri kwenye benchi. Nikaingia nikicheza. Ndiyo, nikicheza, mikono juu, hatua zile zile za Puge. Elieth wa mapokezi akapiga kigelegele kabla hajafikiri, na kina mama wa benchi wakadakia. Bwana Hilari akatoka chumbani kwake kuangalia kuna nini. Nikamtupia kanga mabegani.

"Kwa kazi nzuri, kaka yangu!"

Watu wakapiga makofi. Naye, mazoea yana taabu, akacheka, akainamisha kichwa. "Asante, asante sana, dada."

"Umelipwa?"

Kicheko kikamkauka.

"Nakuuliza mbele ya watu hawa, Bwana Hilari. Kama hiyo kanga ni malipo, umepokea rushwa ofisini mchana kweupe. Kama si malipo, waandikie wakubwa zako wanipe kamera yangu."

 Mkono wake ukaenda kwenye pindo la kanga, ukasita. Kina mama wa benchi walikuwa wanautazama ule mkono. Ukarudi chini. Akageuka, akaingia chumbani kwake, akaketi na kanga yake mabegani, akavuta kompyuta.

Walilipa. Lakini barua yao ikasema wamelipa "kwa kuzingatia ubinadamu". Ubinadamu! Mtu unadai haki yako, wanakupa sadaka na kukutaka ushukuru. Nilimsomea Sabiri kwenye simu, akasema, chukua, unyamaze. Nikachukua. Kunyamaza sikumwahidi. Nilinunua kamera nyingine, nikarudi Puge kuwapiga upya. Mama yake Mhoja sikumkuta. Walikuwa wamemzika kabla ya mvua. Mhoja aliniuliza kama katika ile kamera ya kwanza mama yake alitoka vizuri. Nikamwambia alicheka.

Juzi nilikuwa sokoni. Nikamwona mwanamke anachagua nyanya, kanga imemkaa hata ukitaka kukataa huwezi. Nikamwomba nimpige. Akajiweka sawa, akasimama.

"Kanga nzuri hii, dada. Umenunua wapi?"

"Sijanunua," akasema, akaivuta begani kwa maringo. "Mume wangu alitunzwa kazini kwao."

Nikampiga. Picha nimeshaisafisha, na imetoka vizuri, kila neno la kanga linasomeka. Jumatatu nitampelekea, bure kama wengine. Kwake sipajui, nitaiacha ofisini kwa mumewe.