Doti ya Neivu

Usiku wa kuamkia mtihani, Sikudhani Machano aliota ameitwa kwa sheha, mkuu wa mtaa. Nasimulia kama alivyonisimulia mwenyewe, na Sikudhani hana tabia ya kutia chumvi isipokuwa kwenye mchuzi.

Kwanza mumjue. Ni mpinda kanga wa miaka hamsini na mbili, anasoma Kiingereza jioni kwa Mwalimu Haroub, na mtihani ameshafeli mara mbili. Kisa ni maneno ya Kiingereza yanayotamkwa sawasawa. Kuna Neivu wawili, knave na nave: mmoja ni laghai, mwingine ni ukumbi wa kati wa kanisa, wanamokaa waumini. Mara ya mwisho Sikudhani aliandika kwamba waumini huingia ndani ya laghai, wakakaa, wakaimba. Darasa lilicheka wiki nzima.

"Bi Siku," Mwalimu alimwambia, "mara ya tatu ndiyo ya mwisho. Ukianguka tena, kiti chako nampa mwingine."

Na kile kiti Sikudhani anakitaka kwa roho yake yote. Utotoni alitolewa shule darasa la nne, na mpaka leo inamuuma.

Basi, katika ndoto yuko kazini. Mara cherehani inasimama yenyewe.

"Sikudhani, unaitwa kwa sheha."

"Kwa kosa gani?"

"Mie cherehani tu. Nitajuaje?"

Anafungua mlango wa chumbani kwake, na huyo, yumo ofisini kwa sheha. Sheha ni kamusi. Ni kamusi ileile ya darasani, isiyo na jalada, imefungwa mpira wa baiskeli tumboni, ila leo imevaa miwani. Nje foleni ya maneno imezunguka jengo, na kila neno limeshika picha zake mbili za kitambulisho.

"Shikamoo, sheha."

"Marahaba. Wewe ndo uliyewaingiza watu ndani ya laghai?"

"Ndo mie."

"Wenyewe wamekuja kushtaki."

Wanaingia Neivu wawili, bega kwa bega. Mmoja ana mifuko kumi na miwili, na katika kila mfuko mna saa ya mtu. Mwenziwe ni mpana, mkimya, ana mabenchi arobaini tumboni, na watu wanaimba humo. Sikudhani anawaamkia wote, hata wa ndani.

"Watu wawili jina moja, mie sitaki," anasema sheha. "Mmoja namfuta. Chagua."

Anatoa kifutio kikubwa kama mkate wa boflo. Waimbaji wananyamaza. Laghai, ambaye hajawahi kufanya hivyo, anatoa mikono mifukoni na kuiacha ikining'inia.

Sikudhani anaogopa, tena sana. Anajua akikosea hapa, kiti kimekwenda. Lakini jicho la mpinda kanga halilali. Pale mabega yanapogusana anaona ukingo wa kitambaa ambao haujapitiwa na mkasi.

"Sheha, hawa hawana ugomvi. Hawa ni doti, haijakatwa tu."

"Ni nini?"

"Doti. Kanga mbili, jina lilelile limeandikwa kwenye zote. Moja unajifunga, moja unajitanda. Umepata kusikia mtu katupa ya kujitanda kwa kuwa jina lishasomwa kiunoni?"

Sheha anajifunua kurasa. Anatafuta mpaka herufi ya mwisho.

"Sijapata kusikia," anakubali.

"Basi nipishe nifanye kazi."

Akakata katikati. Akapinda pande zote mbili kwa uzi wa kijani, mshono mdogo mdogo, na mwishoni akapiga mafundo matatu kama alivyofundishwa na mama yake. Neivu wakaachana bila maumivu. Laghai akaondoka na miwani ya sheha. Kanisa likatoka mlangoni kiubavu, watu wake wakiimba mpaka madirisha yakatikisika.

Foleni ikavunjika. Wakaja Paleti wawili, mmoja kaakaa la mdomo, mwingine ubao wa kupangia mizigo. Akawakata, akawapinda. Ubao ukambeba juu juu, kaakaa likamwonja mkono na kutangaza kwamba ameiva. Vigelegele vikalia foleni nzima, na sheha akaukata mpira wake akacheza mpaka kurasa zikapeperuka.

Sikudhani aliamka akicheka, akaoga, akaenda kwenye mtihani.

Mwalimu Haroub alivunja lakiri ya bahasha mbele ya wote, akagawa karatasi. Swali la pili lilikuwa Neivu na Neivu. Katikati yao, kwenye karatasi ya Sikudhani, ulipita mshono mdogo mdogo wa uzi wa kijani, wenye mafundo matatu mwishoni.

"Hii nini tena?" Mwalimu alisema, akapeleka kucha.

"Usivute, Mwalimu, utafumua," alijibu Sikudhani, na kalamu ilikuwa ishaanza kuandika.

Alimaliza wa kwanza. Alipotoka aliacha mkoba wake juu ya kiti, kila mtu ajue kina mwenyewe.